Hakuna Aliyeniambia Nivue Soksi

Nimeinua miguu ya ng'ombe kwa miaka ishirini na miwili, na sijawahi kumtibu hata mmoja kwa kumwangalia usoni. Hiyo ndiyo kazi yangu: ninakata kwato. Ng'ombe wa maziwa akifungiwa bandani mwaka mzima, kwato hurefuka na kupinda, akaanza kutembea kama mtu aliyeazima viatu, na maziwa yakapungua. Hapo mwenye ng'ombe hunipigia simu. Nafika, nafunga kamba, nainua mguu, naosha mavi, naangalia. Nikimaliza mguu mmoja nainua na wa pili, maana bila kuulinganisha na mwenzake hujui umeharibika kiasi gani. Mtu yeyote mwenye akili timamu anaweza kufundishwa hayo kwa asubuhi moja.

Nasema hivi kwa sababu mwaka juzi mguu wangu wa kulia uliharibika. Nilipita mikononi mwa watu wanne wenye makoti meupe, kati ya Elburgon ninakoishi na Nakuru mjini, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nivue soksi. Wanne! Ningekuwa ng'ombe wa Frishen ningehudumiwa vizuri zaidi.

Ulianza wakati wa kupanda viazi, mvua ya Machi ikinukia tu. Nilirudi kutoka shambani nikaona kifundo cha mguu kimevimba hadi mfupa wa pembeni umepotea. Wekundu ulikuwepo, na joto. Joto lenyewe si la mchezo, hadi paka wetu, ambaye hana shukrani na hajawahi kunipenda, alikuja akajikunja juu ya mguu wangu akalala. Akarudi kesho yake na kesho kutwa. Maumivu hayakuwa mengi, na hilo ndilo lililonidanganya. Mimi huwadharau wanaume wanaolialia, na mguu usiolia nikauona ni mguu wa mwanamume.

Mke wangu, Mama Shiko, alisema, "Baba Shiko, paka hadanganyi. Enda ukaonwe."

"Nitaenda wewe ukijifunza kutembea," nikamwambia. Alikuwa amebeba ndoo akija polepole kutoka kwenye bomba, na mimi nilikuwa na mazoea ya kumtania kwamba kobe angempita na salamu ampe.

Nilianzia kwenye kemisti, duka letu la dawa. Wengi wetu huanzia huko, na wengine huishia huko. Dada mwenye kemisti alikuwa nyuma ya kioo, na hakunyanyuka kwenye kiti.

"Mzee, unakula nyama?"

"Nani hali nyama?"

"Basi hiyo ni gauti."

Kwisha. Kwetu huku mwanamume akishafika miaka arobaini na mitano, akilalamika chochote chini ya goti, ni gauti. Kinyozi ataisema, fundi wa baiskeli ataisema, na mzee wa kanisa atakuombea akiitaja kwa jina. Kuna hata heshima fulani ndani yake, kwamba umekula vizuri mpaka nyama imekushinda. Nikaacha nyama mwezi mzima. Nilikula maharagwe mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Mimi nikakonda, mguu ukanenepa.

Wa pili alikuwa kwenye kliniki iliyo karibu na viwanda vya mbao. Nilisubiri kwenye benchi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa saba, masikio yamejaa kelele za misumeno, katikati ya kina mama waliobeba watoto wenye homa. Nilipoingia, yule bwana alikuwa anaandika, na aliendelea kuandika. Nilimwambia mguu umevimba. Akauliza jina langu. Nikamwambia una joto. Akauliza umri. Kisha akanipa karatasi ya vidonge vya kuua vidudu na kusema, "Anayefuata!" Nilitoka nikijua rangi ya kofia ya kalamu yake, na yeye hakujua hata ni mguu upi.

Sasa aingie Kamau. Kamau ni ndugu ya mke wangu, muuzaji wa mitungi ya gesi, na ni mtu anayejua watu. Ukitaka kitu chochote, Kamau hakuulizi unataka kipi, anakuambia, "Kuna mtu wetu pale." Na hapa nataka mnisikilize vizuri, kwa sababu ndipo tunapopotea. Sisi hatumchagui daktari kwa kile anachotibu. Tunamchagua kwa sababu mama yake alitoka kilima kimoja na mama yetu, au anaimba besi kwenye kwaya yetu, au alisoma na shemeji. Ng'ombe wangu akikosa kushika mimba siwezi kumpeleka kwa mtu wa kung'oa meno ati kwa sababu tunasali pamoja. Lakini mguu wangu niliupeleka.

"Shemeji, huyu ni daktari wa mifupa," Kamau alisema. "Mkubwa. Na ni mtu wetu kabisa."

Ukutani mwa ofisi yake kulikuwa na picha za nyonga na za magoti. Nyonga kutoka mbele, nyonga kutoka nyuma, goti limefunguliwa kama redio. Mguu haukuwepo hata mmoja. Mimi nina macho, niliona, na nikakaa kimya. Yeye na Kamau waliongea robo saa kuhusu mazishi ya mtu fulani. Kisha nikapelekwa kupigwa picha, na kijana wa mashine akaniambia nisijisumbue kuvua soksi kwani mashine inaona kupitia nguo. Huyo ndiye wa nne, nimemhesabu na sijutii.

Daktari mkubwa aliinua picha kwenye dirisha. "Mifupa iko safi. Kifundo kimeteguka tu. Mzee, usikae kama mgonjwa. Tembea! Fanya mazoezi."

Kamau alifurahi njia nzima. "Si nilikuambia? Na hata alimkumbuka marehemu mama."

Basi nikatembea. Kila asubuhi, kabla ya kazi, kutoka nyumbani hadi kwenye msitu na kurudi, nikijisifu. Kila nikitembea mguu ulibadilika sura. Ule upinde wa chini ya wayo ulibonyea. Mfupa fulani ukatokeza mahali pasipo na mfupa. Kufikia mwisho wa Aprili gambuti la kulia, kiatu changu cha mpira cha kazini, halikuingia tena, nami nikachukua kisu changu cha kwato nikalipasua ubavuni, likaingia. Hilo ndilo pekee nililokuwa nimelitibu.

Na sasa nitasema la aibu, kwa sababu nimewatukana wengine vya kutosha. Wakulima huniita daktari. Kwetu mtu akigusa ng'ombe kwa chuma chochote anaitwa daktari, na mimi sijawahi kumsahihisha mtu. Basi siku moja nikajiambia: kama wao wote ni madaktari, na mimi ni daktari, ng'ombe mwenye mguu uliovimba mimi humfanyia nini? Humtia kwenye maji ya mrututu. Ni ile dawa ya chenga za buluu tunayochanganya na maji, ng'ombe akapita humo, kwato zikakauka na uozo ukafa. Nikachanganya karai moja, kipimo cha ng'ombe, nikaketi nyuma ya jiko nikatumbukiza mguu.

Mama Shiko alinikuta. Akatazama karai, akanitazama.

"Mganga hajigangi, Baba Shiko."

"Mganga gani? Ni kuloweka tu. Hata haichomi."

"Hiyo si inachoma mpaka ng'ombe wanaruka?"

Kweli inachoma. Ng'ombe mwenye kidonda hupiga teke karai likaruka ukuta. Mimi nilikaa nusu saa nikisikiliza redio. Nilifanya hivyo jioni tisa. Ngozi ikakauka, ikawa ya kijani kwenye kucha, ikaanza kupasuka kwenye kisigino, na mimi nikaona ni dalili ya kupona. Mjinga akipewa dawa kali isiyomuuma, hushukuru.

Mwishoni mwa Mei niliitwa Kabazi, kwa mama mmoja anayeitwa Mama Cherono. Ana ng'ombe sita na mdomo wa kuwatosha watu sita. Nilikata kwato asubuhi nzima. Nilipomaliza wa nne, nikasikia akisema nyuma yangu, "Daktari, umenikatia ng'ombe mpaka damu."

Nikaudhika. Mimi sikati hadi damu. Lakini sakafu ya saruji ilikuwa na alama nyekundu, moja, halafu nyingine, halafu nyingine, kuzunguka banda lote. Tuliinua miguu ya wale wanne, yote kumi na sita. Safi. Mama Cherono akainama, akafuata alama kwa kidole mpaka zikaishia kwenye gambuti langu.

"Ni wewe," akasema. "Kaa chini."

"Hapana, mimi siumwi na—"

"Kaa chini, mzee!"

Nikakaa kwenye kigoda cha kukamulia. Akavuta gambuti kwa mikono miwili. Kipande cha ukwato, kirefu kama kidole na chenye ncha, kilikuwa kimeingia kupitia ule upasuko niliojikatia mwenyewe, na kilikuwa kimekwama kwenye wayo wangu. Nilikuwa nimekikanyaga tangu asubuhi. Sikuwa nimesikia kitu. Harufu iliyotoka ndani ya soksi siwezi kuieleza kwa watu wanaokula.

Yeye hakuziba pua. Aliinua mguu wangu akauweka kwenye paja lake, vilevile ninavyouweka wa ng'ombe. Huyo ndiye mtu wa kwanza aliyeuinua.

"Una sukari?"

"Kidogo. Kulikuwa na watu wa afya kanisani, zamani, wakasema iko juu kidogo."

"Sukari kidogo ni ya chai." Alivua kiatu chake cha kushoto akanionyesha. Kulikuwa na vidole vitatu. "Na umeona daktari?"

"Nimeona wanne."

"Daktari wa nini?"

Wa gauti? Wa kalamu? Wa nyonga? Miezi miwili nilikuwa nimeuliza daktari yuko wapi, ni mzuri, ni wa kwetu, na sikuwa nimeuliza hilo moja. Na hao wanne hawakuniuliza kuhusu sukari, lakini mimi nilikuwa na mdomo na sikuwaambia. Nilikuwa nimeiona ni habari ya watu wanene.

Mama Cherono aliandika jina la chumba kwenye kipande cha gunia la chakula cha ng'ombe. Akasema hospitalini Nakuru, ukipita kliniki ya sukari, mwisho wa veranda, kuna mlango ulioandikwa kwa mkono: MIGUU. Nisiende kwingine kokote.

Nikaenda kwingine. Kamau alikuwa ameshasikia, na alikuwa amempigia mtu wetu. Safari hii daktari mkubwa alilazimika kuona, maana kitambaa nilichofungia mguu kilikuwa kimelowa. Alisimama mlangoni, hakukaribia, akasema kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, "Hii tuikate. Chini ya goti. Mapema ni nzuri."

Fomu ikaja. Niliwaza kuhusu kazi yangu: nani atamshika ng'ombe wa kilo mia tano akiwa na mguu mmoja? Kamau alinipa kalamu. "Shemeji, tia sahihi. Huyu anajua."

Mama Shiko alikuwa kwenye kona, na mkoba wake magotini. Miaka thelathini ya ndoa sijamsikia akipaza sauti mbele ya mtu mwenye tai. "Anajua nini?" akasema. "Juzi mifupa ilikuwa safi, ati atembee. Leo ni ya kukatwa. Na bado hajaugusa! Kamau, beba kalamu yako." Akanishika kwapani akaniinua. Kamau alituambia tumemwaibisha mbele ya mtu wetu, na hatukuongea naye tena hadi Agosti. Kwenye korido Mama Shiko alitangulia na karatasi zangu, akienda kwa kuegemea ukuta. Nikamwambia aharakishe.

Chumba cha miguu ni kidogo kuliko choo cha shule. Nje kuna benchi moja refu, na watu walioketi hapo wote wanaangalia chini, kila mtu anaangalia miguu ya jirani. Hakuna anayejivuna kwenye benchi lile. Mwalimu mkuu aliketi karibu na mchoma mahindi, na wote wawili walikuwa wamefungwa vitambaa.

Muuguzi aliyetuita ni Sista Atieno, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba. Hakusema hujambo. Alisema, "Vua viatu. Vyote viwili. Na soksi."

Nitakuambia ukweli, macho yalinijaa maji. Mama Shiko alidhani ni uchungu.

Sista alinilaza, akaniambia nifumbe macho. Alikuwa na uzi mgumu, kama wa kuvulia samaki. "Nitakugusa nao chini ya miguu. Kila ukisikia, sema ndiyo."

Nikasubiri. Nje mtu alikohoa. Nikasubiri tena, nikaanza kukasirika, maana nilikuwa nimesubirishwa vya kutosha mwaka huo.

"Sista, anza basi."

"Nimeshamaliza, mzee."

Sijawahi kuogopa hivyo maishani, hata siku ile fahali aliponibana ukutani Molo. Nilielewa yote kwa mpigo mmoja. Mguu wangu haukuwa wa mwanamume. Ulikuwa umekufa ganzi, na mimi nilikuwa nimeutembeza msituni, nikauloweka kwenye mrututu, nikausimamisha juu ya kipande cha ukwato.

Akachukua kile kipima joto cha kuelekeza kama bastola, kama walivyokuwa wakituelekezea usoni getini wakati wa korona. Akapima mguu wa kulia, akapima wa kushoto, akaandika. Alikuwa analinganisha! Nikataka kumwita Kamau aje aone jinsi kazi inavyofanywa.

Alhamisi yake ndipo akaja daktari mwenyewe wa miguu na vifundo. Hashughulikii kitu kingine. Ni mwanamke mfupi, anayeonekana mchanga kuliko binti yangu Shiko, na alipiga magoti sakafuni kuuona wayo. Alisema sukari imeua hisia za mguu, na mifupa imelainika kama muhogo uliochemshwa. Nikiikanyaga itasagika, na hapo atakata kweli. Nikiipumzisha itashikana, vibaya lakini itashikana. Kidonda wakisafishe kwanza, kisha plasta ngumu ya kushikilia mifupa.

"Sijui kama tutauokoa," akasema. "Ninachojua ni kwamba hutakanyaga. Hata hatua moja. Hata ya kwenda chooni."

"Mpaka lini?"

"Mpaka miguu yote miwili iwe na joto moja."

Plasta ya kwanza ilinipata Juni. Ilivuliwa baada ya wiki moja, kidonda kikasafishwa, ikawekwa nyingine. Ya tatu ilikuja na baridi ya Julai, ile ya Elburgon ambayo ukungu hauondoki hadi saa tano na nguo hazikauki wiki nzima. Nilikaa kwenye kiti karibu na jiko, mguu juu ya stuli, paka juu ya plasta. Nilikuwa mtu mbaya. Nasema ili wewe utakayekaa kwenye kiti kama kile ujue. Niliita chai nikalalamika ni baridi, nikaita maji nikasema yamechelewa. Mama Shiko alikamua, akakata nyasi, akabeba maji, akanibeba na mimi. Nilikuwa nikimsikia akija kwenye ua: hatua nzito, hatua nyepesi, hatua nzito, hatua nyepesi. "Huyu mwanamke anaburura miguu," nilisema kwa sauti, na nikamaanisha.

Plasta ya nne niliiharibu mwenyewe. Jirani alikuwa na mtamba anayechechemea, nikaona kupitia dirisha, na mikono ikaniwasha. Mama Shiko alikuwa shambani. Nikaenda kwa kuruka, halafu kwa kukanyaga, hatua kumi na tano, labda ishirini. Sikumwambia mtu. Alhamisi Sista Atieno alivua plasta, akapima, akaangalia daftari, akapima tena.

"Ulienda wapi?"

"Sikuenda popote."

"Mzee, mimi nauliza wewe, lakini mguu umeshajibu." Joto lilikuwa limepanda hadi lilipokuwa Juni. Wiki zote hizo zilikuwa zimepotea. Daktari yule mfupi hakunigombeza. Alisema tu kwamba hajui kama ataweza kunipa nafasi nyingine, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Agosti Kamau alikuja kuniona, na gesi ya bure kwa dada yake. Alisimama juu yangu akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Mkuu gani? Yule wa nyonga?"

Akacheka, nami nikacheka, na mambo yakaishia hapo.

Huruma ndogondogo zilikuwepo. Mama Cherono alipiga simu kila Jumapili, na hakuuliza hali yangu, aliuliza, "Umekanyaga?" Yule jirani mwenye mtamba alianza kumleta uani, akimtembeza mbele ya kiti changu ili nimweleze ni wapi pa kukata. Wengine wakaanza kuja. Ilifika mahali nikawa nakata kwato kwa mdomo tu, siku nzima, nikiwaambia, "Inua. Si huo! Inua na wa pili."

Mahindi yalipoanza kukauka shambani nilikuwa plasta ya tisa. Asubuhi moja ya Novemba niliamka nikamkosa paka. Nilimtafuta kwa macho, nikamwona amelala kwenye gunia karibu na jiko, mgongo amenipa. Nikamwita, akafungua jicho moja akalifunga. Nilimwambia Mama Shiko, "Nimepona." Akasema paka si daktari. Alhamisi Sista Atieno akapima kulia, akapima kushoto, akanigeuzia daftari nisome mwenyewe. Namba zilikuwa sawa.

Mguu ninao. Ni mbaya, wayo wake ni bapa kama sinia, na ninauvalia kiatu kilichoshonwa kwa kipimo chake. Sibebi tena mguu wa ng'ombe, nasimamia watu wawili wanaobeba. Lakini ninakanyaga, na chooni naenda mwenyewe. Wewe unayeumwa kifundo sasa hivi, usiniulize jina la dawa. Uliza tu huyo unayepelekwa kwake ni daktari wa nini, mwambie una sukari hata asipouliza, na kama hujaambiwa uvue soksi ndani ya dakika tano, simama uende. Mguu usiouma ukiwa na joto, huo ndio wa kukimbizwa hospitalini. Na akiwa mtu wenu, msalimie kanisani.

Ningeishia hapo, nikiwa nimewadharau wote, kama si jambo la Januari.

Mimi siwezi kuona wayo wangu, kwa hiyo kila asubuhi Mama Shiko huniangalia. Tunakaa nje kwenye benchi, kwenye jua, anauinua, anapitisha kidole katikati ya vidole, anasema, "Uko sawa." Siku hiyo alimaliza, akasimama kwenda kubeba ndoo. Nilimtazama akivuka ua. Ng'ombe akichechemea mimi humjua akiwa bado upande wa pili wa bonde, kwa jinsi anavyoinamisha kichwa. Miaka ishirini na miwili nimelipwa kwa kuona hivyo. Na nikaona, kwa mara ya kwanza, kichwa cha mke wangu kikiinama kila akikanyaga kushoto. Nyani haoni kundule, lakini mimi hata la mwenzangu sikuliona.

"Mama Shiko. Rudi hapa. Kaa."

"Nina kazi."

"Kaa. Inua mguu."

Alidhani nacheza. Nilimvua soksi mimi mwenyewe, ile ya sufu aliyoivaa siku zote hata kwenye joto. Kidole kikubwa kilikuwa kimelala juu ya kile cha pili, na pembeni palikuwa na kinundu kilichoiva, kimechubuka, kimepona, kikachubuka tena. Nilikigusa kidogo tu na mwili wake wote ukaruka.

"Tangu lini?"

"Miaka mitatu. Labda minne."

"Na mbona hukuniambia?"

Mama Shiko aliangalia karai lililokuwa limeegemea ukuta wa jiko, bado lina ukingo wa buluu.

"Ungenilowekea," akasema.

Niliuweka mguu wake kwenye paja langu nikautazama, kisha nikamwambia, "Na wa pili."